Koti Lililoonekana Ndivani

Kila mtu wa njia ya Same hadi Kisiwani alilijua koti la Aminieli. Lilikuwa koti zito la kaki, refu mpaka magotini, lililotoka jeshini wakati wa Mwingereza na kupita mabegani mwa watu watatu kabla halijamfikia yeye. Mtu akilivaa koti kama hilo kule Mbaga, juu milimani ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, hakuna wa kumshangaa. Aminieli alilivaa huku chini tambarare, mwezi wa pili, saa saba mchana, akiwa juu ya pikipiki, vifungo vimefungwa mpaka kidevuni.

"Bwana Koti huyo," wanawake waliokuwa wakipalilia walisema wakimwona anatimua vumbi. "Kesho tutamkuta amekaangika."

Hakukaangika. Mwaka huo wa sabini na tano alikuwa ametimiza miaka minane akipita njia ile. Kazi yake ilikuwa msaidizi wa bwana mifugo. Shule aliiachia darasa la nne, lakini kuchanganya dawa ya josho, kuchanja ng'ombe na kufungua injini ya pikipiki akairudisha bila skrubu kubaki chini, hayo alikuwa hana wa kumfundisha. Pikipiki ilikuwa moja tu kwa upande wote ule, mali ya serikali, naye ndiye aliyekabidhiwa. Mtu asiye na pikipiki katika kazi ile alikuwa anatembea kwa miguu kutoka josho hadi josho, na goti la kushoto la Aminieli lilikuwa limekwisha kuaga siku nyingi.

Siri ya koti ilikuwa ndani. Mkewe, Dorkas, alifumua bitana la sufu akashona la kitambaa cha amerikani nene, mikunjo miwili. Kabla ya kuondoka Same, Aminieli alilowesha bitana hilo likalowa chepechepe, akakamua kidogo, akavaa. Ndani ya kofia yake ngumu alitandika kipande cha jani la mgomba. Shingoni alijifunga kitambaa kilicholowa, akakivuta mpaka puani, yakabaki macho na miwani ya vumbi. Mbele ya pikipiki alining'iniza mfuko wa maji wa turubai, ule unaotoka jasho kwa nje na maji yake yakawa baridi.

Aliyemfundisha yote hayo alikuwa jua lenyewe. Lukasi alifundishwa na Aminieli.

Lukasi alikuwa kijana wa nyumbani, Mbaga hiyohiyo, nyumba yao na ya Aminieli zimetenganishwa na mfereji. Aminieli ndiye aliyemwombea kazi hiyohiyo ya mifugo, ndiye aliyemfundisha kuendesha, na ndiye aliyesimama naye kanisani siku alipooa. Mwanzoni Lukasi alicheka kama wengine.

"Kaka, nguo zote hizo unamwogopa nani?"

"Upepo."

"Upepo si ndio unaopoza?"

"Upepo wa Mbaga. Huu wa huku unakunyonya maji mpaka unabaki ngozi. Umeuona mtungi wa mama yako? Kwa nje unatoka jasho, ndani maji ya baridi. Sasa wewe ndiye maji. Koti ndilo mtungi."

"Mimi mtungi wangu ni kifua," Lukasi alisema, akafungua vifungo vyote vya shati, akaondoka zake shati likipepea nyuma kama bendera.

Siku hiyohiyo Aminieli alimkuta maili tano kabla ya Kisiwani, ameanguka pembeni mwa njia, pikipiki imemlalia mguu, midomo imepasuka, anazungumza na mtu asiyekuwepo. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria. Aminieli alikuwa amemwachia pikipiki siku hiyo ajizoeze njia, yeye akapanda lori la mkonge, na koti lilikuwa begani. Alimmwagia mfuko mzima wa maji, akamvika koti, akamnywesha kwa kifuniko tone kwa tone, akamshikia kivuli kwa mwili wake mwenyewe mpaka jua lilipopungua. Lukasi alipopata fahamu alilia. Alisema, "Kaka, hili deni la roho."

"Deni gani? Funga vifungo," Aminieli alimjibu.

Tangu hapo Lukasi alijifunza kila kitu: kunywa kabla ya kiu, kuvaa mikono mirefu, kutoshika tangi kwa kiganja kitupu, kusimama kila baada ya maili kumi ulowe tena. Na alijifunza kuhusu Mrindeni.

Mrindeni ni kijiji kilicho chini kabisa ya mlima, katikati ya njia. Pale pana ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu. Maji ya mlimani yanaingia usiku kucha, alfajiri mlango unafunguliwa, na kila kaya inamwagilia shamba kwa zamu yake. Mwangalizi wa ndiva alikuwa Mzee Eliaichi, mtu mkavu, mwembamba, asiyependa maneno. Sheria zake zilikuwa fupi. Sabuni haiingii ndivani. Mnyama haingii. Nguo haiingii.

Kwa hiyo Aminieli alikuwa na utaratibu wake. Alisimamisha pikipiki mbali, akavua koti, akalitandaza juu ya mawe chini ya ukingo, upande ambao maji hayarudi bwawani. Kisha akaita, "Shikamoo mzee," na Eliaichi akajibu marahaba, akachota kwa kibuyu, akamimina juu ya bitana. Maji yaliyobaki yaliteremka kwenye migomba. Miaka minane, kila wiki mara mbili, hakuna siku upindo wa koti ulipogusa maji ya ndiva.

*

Mwezi wa pili mwaka huo Aminieli alishikwa na homa. Alitetemeka siku tatu kitandani huko Same, Dorkas akimbadilishia shuka. Siku ya pili Lukasi alikuja.

"Kaka, josho la Kisiwani limekwisha dawa. Ng'ombe wa kijiji wanajaa kupe. Nipe pikipiki nipeleke."

"Pikipiki imeandikwa kwa jina langu. Ikijulikana nimeiazimisha, tutafukuzwa wote."

"Nani atajua? Nipe na koti. Nikijifunika, hata mama yangu atasema ni wewe."

Dorkas alicheka, Aminieli naye akacheka katikati ya meno yanayogongana. Alitoa funguo. Koti Dorkas alilishusha mwenyewe kwenye msumari.

"Kopo la dawa lifunge nyuma, kwenye kibebeo," Aminieli alisema. "Lisimame wima. Mfuniko uufunge kwa mpira. Dawa ile ikigusa ngozi iliyolowa inakula nyama."

"Najua, kaka. Si ulinifundisha?"

Jioni Lukasi alirudisha pikipiki. Koti hakulirudisha. Alisema limechanika kwenye miiba, atampelekea fundi. Alikuwa amejifunga taulo shingoni. Alileta daftari la safari za pikipiki, akalifungua juu ya shuka.

"Weka sahihi hapa, kaka. Same hadi Kisiwani na kurudi. Tukiulizwa, ulikwenda wewe."

Aminieli aliweka, na hata kwa homa ile sahihi yake ilisomeka vizuri.

Siku tano baadaye, homa imekwisha, aliitwa Mrindeni. Alipofika alikuta kijiji kizima kimekaa kando ya ndiva, na ndiva ni tupu. Maji yote, yakinuka dawa ya josho, yalikuwa yamefunguliwa yakaenda porini. Tope lilikuwa limeanza kupasuka, na juu ya tope vyura walilala matumbo juu, wengi, wamevimba. Mbuzi wawili wa Eliaichi walikuwa wamekufa kwa kunywa kwenye mfereji. Kaya kumi na mbili zilikosa zamu zao wakati mahindi yanabeba, katikati ya kiangazi.

Mkubwa wao wa kazi, Ndugu Kassimu, alikuwa amekuja na gari la wilaya. Lukasi alikaa pembeni yake. Shati lake lilifungwa mpaka juu, na juu ya shati taulo. Juani pale, bila pikipiki. Aminieli aliliona taulo hilo kabla hajaona kitu kingine chochote.

Priska, mama wa makamo ambaye shamba lake lilikuwa mkabala na ndiva, alisimama akaeleza alichokiona. Alisema Jumanne, jua likiwa utosini, Bwana Koti alikuja na pikipiki kwa kasi. Aliruka, akalivua koti kama mtu anayechomwa na siafu, akalitupa ndivani, akawa analikanyaga na kulisuuza. Kisha akajimwagia maji shingoni kwa mikono miwili. Akalivaa tena, akaondoka.

"Uliuona uso wake?" Aminieli aliuliza.

"Uso wako nani anauona? Kitambaa, miwani, kofia. Niliona koti."

"Mama Priska, umeniona nikilowesha koti mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Ulishaniona nalitia ndivani?"

Mama yule alifikiri. Hakuwa mwongo. "Hapana," alisema. "Ndiyo maana nilishangaa."

"Ulishangaa, halafu ukasema ni mimi."

"Nilisema nilichokiona. Koti ni la nani?"

Aminieli alimgeukia Lukasi. Alimngoja. Aliamini kabisa kwamba Lukasi atasimama. Kijana alikuwa amepata ajali, dawa imemwagika, ameungua, amechanganyikiwa. Jambo kama hilo mtu analisimulia, analipa faini, watu wanamsamehe. Na kosa la kuazimana pikipiki wangelibeba wawili. Aminieli alikuwa tayari kulibeba.

Lukasi alitazama vidole vyake vya miguu.

"Jumanne nilikuwa kwa miguu, Hedaru," alisema. "Pikipiki haikuwa kwangu. Daftari lipo."

Ndugu Kassimu alilifungua daftari. Akasoma kwa sauti tarehe, njia, na jina. Akawaonyesha watu sahihi.

"Hii ni yako, Ndugu Aminieli?"

"Ni yangu. Niliiweka nikiwa kitandani na homa. Aliyekwenda ni huyu. Alikuja nyumbani akaomba pikipiki na koti, mke wangu yupo."

"Mke wako," Kassimu alisema, na watu wawili watatu wakaguna.

"Basi tusimtaje mke wangu. Dawa ya josho ikipita kwenye nguo iliyolowa inaunguza ngozi. Aliyelivaa koti lile Jumanne ana vidonda shingoni na mabegani." Alifungua vifungo vya shati lake, akalivua, akageuka mgongo watu wote wauone. Ulikuwa mgongo wa mtu wa miaka arobaini na mitano aliyetoka kuugua, mbavu zinahesabika, ngozi nzima. "Mimi huyu hapa. Sasa Lukasi atoe taulo."

Lukasi alishika taulo kwa mkono mmoja, kama mtu anayeshika mlango.

"Kaka," alisema polepole, "mimi unanidhalilisha kwa nini?"

Ilikuwa ni lile neno *kaka* lililomchoma Aminieli kuliko uongo wote. Lukasi alilitamka kwa sauti ileile ya siku ile chini ya jua, midomo imepasuka.

Ndugu Kassimu alilipiga daftari kofi. "Mtumishi wa serikali hatavuliwa nguo mbele ya mkutano. Koti limeonekana, tuna shahidi, tuna sahihi. Mzee Eliaichi, unasemaje?"

Eliaichi alikuwa ameketi juu ya jiwe lilelile ambalo juu yake koti lilitandazwa miaka minane. Alimtazama Aminieli muda mrefu. Kisha akatazama vyura.

"Mbuzi wawili wamekufa," alisema. "Ndiva imekauka. Watu wanataka mtu."

Hukumu ilikuwa ya aina mbili. Ya kijiji: Aminieli atatoa tope lote lenye sumu ndivani, siku saba, kwa mkono wake. Ya ofisi: pikipiki anakabidhiwa Lukasi kuanzia siku hiyo, na Aminieli atafuata majosho kwa miguu. Funguo alizitoa mfukoni mwenyewe. Lukasi alizipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Nyumbani Dorkas alitaka kwenda kwa mke wa Lukasi akamtie aibu. Aminieli alimkataza. Lukasi mwenyewe alikuwa na uso wa kupita hapo usiku uleule, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shemeji," alimwambia Dorkas, "koti lile nililichoma moto, lilikuwa linanuka dawa. Njia ni kali. Sijui kama unaweza kunishonea jingine."

Dorkas alimfungia mlango usoni. Aminieli, ndani, alisikia yote. Alikuwa anajipaka mafuta gotini.

*

Siku ya nne ya tope, jua lilikuwa la kupasua mawe. Aminieli alichimba kwa beleshi, akajaza karai, akapanda ukingo, akamwaga kwenye shimo walilomchimbia mbali na mashamba, akashuka. Kichwani alikuwa na jani la mgomba chini ya kitambaa. Eliaichi alikuwa juu ya jiwe lake, analinda. Hawakuwa wamesemeshana siku tatu zaidi ya salamu.

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Ilikuja ikikohoa, kabureta imejaa vumbi, hakuna aliyeisafisha. Lukasi alishuka. Hakuwa na koti. Alikuwa na shati la nailoni, limegandamana na mwili, na taulo lilelile shingoni, kavu, jekundu kwa vumbi. Macho yalikuwa yameingia ndani. Alikwisha kupita maili kumi na mbili na alibakiwa na nyingine kumi na mbili, zile ambazo yeye na Aminieli walizijua vizuri.

"Shikamoo, Mzee Eliaichi."

"Marahaba."

"Naomba kulowesha taulo na shati."

"Sheria mpya," Eliaichi alisema. "Hakuna nguo hapa, ndani wala nje ya ukingo. Watu wameogopa. Maji ya kunywa utapata."

"Hata kwa kibuyu? Kama alivyokuwa anafanya kaka?"

"Hata kwa kibuyu."

Lukasi alimtazama Aminieli kule chini topeni. "Kaka, mwambie. Unajua njia ile ilivyo."

Aminieli alijaza karai.

Eliaichi alileta maji ya mlimani kwa kibuyu. Lukasi alikunywa kwa pupa, yakamwagika kidevuni, na bila kufikiri akalifungua taulo ajipanguse. Kola ya nailoni ilikuwa imelegea. Kuanzia chini ya masikio mpaka mabegani ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, mahali pengine inatoa maji, na mpaka wa kidonda ulikuwa umenyooka vizuri kwa umbo la kola pana ya koti la jeshi.

Eliaichi alikipokea kibuyu. Hakuondoa macho.

"Shingo imefanywa nini?"

"Jua, mzee."

"Jua linaunguza chini ya kola?"

Lukasi alijifunga taulo upesi. Alipanda pikipiki, akaipiga teke mara tatu kabla haijawaka. Aminieli alikuwa amefika juu ya ukingo na karai kichwani, wakawa wanatazamana hatua tano tu.

"Funga vifungo," Aminieli alisema. "Safari hii hakuna wa kukuokota."

Pikipiki iliondoka. Vumbi lilichukua muda kutua.

Eliaichi alibaki na kibuyu mkononi. Alikohoa, akakohoa tena. "Panda juu, Aminieli," alisema. "Weka hilo beleshi. Nitaita watu jioni. Kesho nitakwenda Same kwa Kassimu, nitamwambia nilichokiona."

"Mwambie ukipenda."

"Nakuambia toka topeni. Kazi hii si yako."

"Jumapili mliniambia ni yangu."

"Koti ndilo tuliloliona."

"Ndiyo," Aminieli alisema. "Miaka minane nakusalimia hapa bila kitambaa usoni, wewe unanimiminia maji. Kumbe ulikuwa unalijua koti."

Mzee alishuka kwenye jiwe, akavua viatu vyake vya matairi, akachukua karai la pili lililokuwa limeegemezwa ukingoni, akaingia topeni kwa miguu mitupu. Aminieli hakumzuia wala hakumsogezea nafasi. Alimwaga tope lake shimoni, akarudi chini, akaanza kuchimba upande mwingine wa bwawa, mbali na yeye. Zilikuwa zimebaki siku tatu, na alinuia kuzimaliza zote.